Chifu Anapelekwa Kisaju

Katika nyumba ya Muteti, fundi wa mageti pale Kitengela, kulikuwa na wanaume wawili, na wote wawili walikuwa na shida ya kukojoa. Mmoja alikuwa na miguu minne, na alilaumiwa mchana kutwa. Wa pili ndiye aliyekuwa mwenye nyumba, na huyo hakulaumiwa na mtu kwa sababu hakuna aliyejua.

Wa miguu minne aliitwa Chifu. Jina hilo alilipata siku ya kwanza, alipoingia karakana ya Muteti kando ya barabara ya Namanga bila kubisha hodi, akakagua kila kona, akala nyama iliyokuwa kwenye sahani ya mwenyewe, kisha akapanda kiti kizuri kuliko vyote akalala. Muteti alicheka mpaka akavua miwani ya kuchomelea. "Hii ni chifu kabisa," alisema, na jioni akambeba kwapani akaenda naye nyumbani. Mkewe, Ndanu, hakumpenda wala hakumkataa. Alisema tu kwamba panya wa mtaa ule walikuwa wamezoea vibaya, na kama mgeni anajua kazi yake, basi akae.

Mbwa wa majirani hawakuwa watu wa kuelewana na paka, kwa hiyo Chifu alifungiwa ndani kila jioni. Muteti alimkatia kipande cha bati, akakikunja pembe nne, akakichomelea kwa uangalifu kana kwamba ni geti la mchungaji, akakijaza mchanga wa mtoni. Hicho ndicho kilikuwa choo cha Chifu, kwenye kona ya bafu. Kwa miaka alikitumia kwa adabu inayowashinda binadamu wengine: alichimba, akamaliza, akafukia, akaondoka bila kumtazama mtu.

Halafu mambo yakaharibika. Siku moja Ndanu alikanyaga mkeka wa mlangoni akasikia unyevu. Kesho yake ikawa kapu la nguo zilizokwisha kupigwa pasi. Baadaye yakaja yale yasiyosameheka, yaani vitambaa vya makochi. Vitambaa hivyo Ndanu alivifuma kwa mkono wake mwenyewe, vyeupe, na waridi jekundu kila pembe, alivifua kwa maji matamu ya kununua na kuvitia wanga vikasimama. Mgeni aliyeketi sebuleni kwake aliegemeza kichwa juu ya kazi ya miaka. Sasa vilinuka.

Ndanu si mwanamke wa kukunja mikono. Alisugua lile bati la mchanga kwa jiki mpaka bafu likawasha macho. Mchanga aliutupa akaweka majivu, majivu akayatupa akaweka maranda ya mbao kutoka kwa seremala. Alinyunyiza pilipili kwenye makochi, na aliyepiga chafya wiki nzima ni Muteti, si paka. Jirani mmoja alimshauri amshike Chifu shingoni amsugue pua kwenye mkojo wake, naye akamsugua. Chifu alimtazama kwa macho ya mtu aliyeonewa, akaenda akakojoa chini ya meza.

"Hii paka iko na kiburi," Ndanu alisema. "Choo iko pale, mchanga ni safi, na bado inakuja kunikojolea kwa kiti. Si hiyo ni madharau?"

Muteti alikuwa anakunywa chai. Aliinua kikombe juu kidogo kikamfunika uso.

Yeye alijua si kiburi. Alikuwa amejua tangu mwanzo, na alijua kwa njia mbaya. Asubuhi moja, kabla Ndanu hajaamka, alikuwa amesimama bafuni mkono mmoja ukiwa ukutani, akingoja. Ndivyo alivyokuwa siku hizi, mtu wa kungoja. Haja ilimbana kama inataka kumpasua, na akifika pale panatoka uzi mwembamba, unakatika, unarudi, unakatika. Chifu naye akaingia, akapanda kwenye bati lake, akachuchumaa. Alikaza mpaka mkia ukatetemeka. Alitoa sauti ndogo ambayo Muteti hakuwahi kuisikia kwa paka. Yakadondoka matone mawili matatu, kisha akaruka nje ya bati kama limemchoma. Akaenda kujaribu kwenye zulia la bafu, labda huko kungekuwa na nafuu. Muteti alimwelewa kabisa. Kama angekuwa na mahali pengine pa kwenda kukojoa ambapo hapaumi, hata yeye angeenda, hata kama ni juu ya kitambaa cha waridi.

Walitazamana, fundi na paka, kila mmoja na kazi yake isiyokwisha.

Basi si angesema? Angesema tu, "Mama Kavutha, paka ni mgonjwa." Maneno mepesi. Lakini Ndanu angeuliza, "Umejuaje?" na hapo ndipo ulimi wa Muteti uliponata. Maana kaka yake, Nzuki, alikuwa na shida hiyohiyo. Nzuki aliingia hospitali akitembea kwa miguu yake, akatoka amebebwa, wakamzika Machakos mvua ikinyesha. Watu walisema alichelewa kwenda. Muteti hakusikia habari ya kuchelewa, alisikia habari ya kwenda. Tangu siku ile aliapa moyoni kwamba hakuna daktari atakayemgusa, na njia ya kutoguswa ni kutosema. Alipunguza hata kunywa maji ili asisumbuliwe. Mficha maradhi kilio humfichua, wahenga walisema, lakini Muteti alikuwa na methali yake ya kibinafsi: kisichosemwa hakipo.

Na kulikuwa na jambo jingine, dogo na la aibu zaidi. Yale maji yaliyokutwa kila asubuhi kando ya choo cha watu, sakafuni, hayakuwa ya Chifu. Yalikuwa ya Muteti. Uzi mwembamba hauendi unakoelekezwa. Ndanu aliyapiga deki huku akimtaja paka kwa majina ambayo kiongozi wa akina mama kanisani hapaswi kuyajua, na Muteti alipita korido kimya akaenda kazini. Mtu angetaka kumshika mabega amtikise. Lakini aibu ya mwili ni kitu kigumu, na mwenye nayo ndiye anayejua uzito wake.

Siku ya hukumu ilikuwa Jumamosi. Akina mama wa kanisa walikuwa na zamu ya kutembelea nyumba ya Ndanu, na yeye aliamkia usafi. Vitambaa vilifuliwa upya. Chapati zilipangwa, nyama ikachemka, chai ikaiva. Mama Waceke, mwenyekiti wao, mama mwenye mwili na heshima zake, alionyeshwa kochi kubwa. Alikuwa amevaa rinda la hariri rangi ya maziwa. Aliketi, akaomba wimbo. Katikati ya ubeti wa pili sauti yake ilipungua. Ubeti wa tatu hakuuimba. Alipoinuka kuomba, kila mtu aliyekuwa nyuma yake alifumba macho mapema kuliko kawaida.

Hakuna aliyesema neno. Hiyo ndiyo ilimuua Ndanu. Wangecheka, angecheka nao. Mama Waceke alijifunga leso aliyoazimwa, akashukuru kwa chakula, akaenda zake, na Ndanu akabaki ameketi jikoni na rundo la chapati ambazo hazikuisha.

Muteti aliporudi, gunia lilikuwa limekunjwa mezani.

"Jumatatu," Ndanu alisema. "Kisaju."

Hakuhitaji kueleza. Paka hauawi, kumuua ni kujitafutia mkosi. Paka anayeshinda watu hutiwa ndani ya gunia, akapelekwa mbali kiasi cha kutojua njia ya kurudi, akafunguliwa mahali penye bucha na soko ili dhamiri ya mwenyewe ilale vizuri. Kisaju ilikuwa na bucha, ilikuwa na soko, na ilikuwa mbali ya kutosha.

"Paka wa nyumba haingwi, hafukuzwi," Muteti alijaribu methali.

"Paka ya nyumba haikojolei chairlady. Baba Kavutha, nimevumilia mkeka. Nimevumilia nguo. Nimevumilia ile maji ya bafu kila asubuhi, kila asubuhi! Sasa imetosha. Mwenye kuharibu nyumba yangu akae kwingine."

Muteti alihesabu mashtaka hayo moyoni, akaona moja ni lake. Jumatatu asubuhi akamtia Chifu ndani ya gunia kwa mikono yake mwenyewe.

Pale Kisaju alishuka na gunia begani, akapita nyuma ya vibanda vya nyama mahali palipo na mifupa na kivuli kidogo. Aliliweka chini, akafungua kamba, akarudi nyuma. Alitarajia Chifu atoke mbio apotee, naye apate kujiambia kwamba paka mwenyewe ndiye aliyetaka kwenda.

Chifu alitoka polepole. Hakuitazama mifupa. Alichuchumaa palepale kwenye vumbi, watu wakipita, akakaza. Akalia. Halikutoka hata tone. Akasogea hatua chache akachuchumaa tena, akalia tena. Muuza nyama alichungulia akasema, "Hiyo paka imekula sumu ama?" Haja ya Muteti mwenyewe ilikuwa imembana. Alikwenda mpaka choo cha soko, akasimama, mkono ukutani, akingoja, huku akijiambia kwamba akitoka hapo atapita upande ule mwingine apande gari arudi nyumbani, basi. Aliposhindwa vya kutosha alitoka. Miguu yake ilimrudisha nyuma ya bucha bila kumuuliza.

Chifu alikuwa ameingia tena ndani ya gunia. Amejikunja humo, kichwa nje, akimngoja.

Hapo Muteti alijisikia vibaya kweli. Kwa muda mrefu alikuwa amemwachia kiumbe huyu mzigo wa watu wawili, na kiumbe chenyewe kilikuwa bado kinadhani gunia lile ni la kurudi nalo nyumbani. Alilifunga kwa kulegeza, akalipakata kama mtoto, akasimamisha gari. Halikuwa la Kitengela. Lilikuwa la Kajiado.

Kajiado alimjua mtu mmoja, daktari wa mifugo aliyeitwa Parmuat, ambaye alimtengenezea geti la boma. Alimkuta karibu na soko la ng'ombe, ameinamia dume moja la kondoo, kofia imegeuzwa nyuma.

"Supa, mzee!" Parmuat alimsalimu kwa Kimaasai.

"Ipa. Daktari, niko na mgonjwa kwa gunia."

Parmuat alitarajia mwanambuzi. Alipoona kichwa cha paka alicheka, lakini mkono wake ulipoligusa tumbo la Chifu kicheko kiliisha. Lilikuwa gumu kama chungwa bichi. Aliwaingiza kwenye chumba chake kidogo, akamlaza Chifu mezani, akavuta dawa kwenye sindano.

"Nieleze vile inafanya," alisema bila kuinua macho.

Muteti akaeleza. Hakuwa amezungumza habari hiyo na mtu yeyote tangu izaliwe, na sasa mlango ulikuwa umefunguliwa kwa jina la paka. Maneno yakamtoka.

"Inaanza na kuchoma, kabla kitu haijatoka. Halafu unafikiri itatoka mingi, kumbe ni kidogo. Inakatika. Unafikiri umemaliza, unaenda kulala, ukifika tu kwa kitanda unasikia bado iko. Unarudi. Usiku yote ni kurudi. Na unaogopa kunywa maji, hata chai unaiangalia tu. Na asubuhi unaogopa mtu asione ile imemwagika kando."

Parmuat alikuwa ameacha kuvuta dawa. Alimtazama.

"Mzee," alisema kwa upole, "hii paka ndiyo imekuambia hayo yote?"

Nje, kondoo walilia. Muteti alitazama mikono yake, yenye makovu ya cheche, akakosa mahali pa kuiweka.

Parmuat hakumngoja ajibu. Alimgeukia Chifu, akafanya kazi yake polepole na kijimrija chembamba, na baada ya muda kikaanza kutoka kile kilichokuwa kimezuiwa, chekundu kidogo, kingi, na mwili mzima wa Chifu ukalegea juu ya meza. Muteti alishusha pumzi kana kwamba ni yeye aliyetolewa.

"Ingekaa hivyo kesho na kesho kutwa, ungeizika," Parmuat alisema. "Ilikuwa inaenda kwa ile bati yenu inapata uchungu, ikafikiri ni bati ndiyo inauma. Ndiyo maana ikahama. Hii si tabia mbaya. Dume ikichuchumaa mara nyingi na haipati kitu, ni mgonjwa hiyo. Hata kondoo, hata fahali. Inakunywa maji gani?"

"Ya kisima. Ile ya chumvi."

"Na nyinyi?"

"Sisi tunanunua ile tamu kwa mitungi."

"Basi paka haipendi chumvi kama vile wewe hupendi. Inaonja inaacha, mkojo inakuwa nzito, inaganda. Ipatie ile tamu. Na kama inakula samaki ya omena, muichemshe na supu, msiipatie kavu." Alifunga mfuko wake. "Iache hapa mpaka alasiri, niiangalie. Sasa wewe."

"Mimi niko sawa."

"Mzee, mimi karatasi yangu ni ya ng'ombe na mbuzi. Leo nimejitolea kwa paka. Binadamu sina ruhusa. Lakini hospitali iko hapo juu, wewe unaweza kufika kwa miguu."

"Leo niko na paka," Muteti alisema.

Parmuat hakumsukuma zaidi. Alisema tu, "Haya," kwa sauti ya mtu aliyesikia hiyo mara nyingi.

Jua lilikuwa linaelekea kuzama Muteti alipofungua geti lake, gunia mkononi, na ndani ya gunia Chifu, mlegevu bado kwa dawa. Ndanu alikuwa anaanua nguo. Aliliona gunia likisogea, akaweka kapu chini.

"Baba Kavutha. Nilikuambia Kisaju."

"Nilienda Kisaju."

"Na hiyo ni nini?"

"Ni Chifu. Mgonjwa. Nilimpeleka kwa daktari Kajiado, mkojo ilikuwa imefunga, alikuwa anakufa. Si kiburi, Mama Kavutha. Alikuwa anaumia."

Ndanu alikunja uso. Si mwanamke mkatili, lakini rinda la Mama Waceke lilikuwa bado mbele ya macho yake. "Sawa, mgonjwa," alisema. "Kwa mkeka, mgonjwa. Kwa kiti, mgonjwa. Na ile ya bafu kila asubuhi, kando ya choo ya watu? Hata hiyo ilikuwa mgonjwa?"

Ulikuwa mlango wa mwisho. Angeweza kusema ndiyo, na Chifu angelibeba hilo nalo, kimya, kama alivyobeba mengine.

"Hiyo haikuwa yeye," Muteti alisema. "Hiyo ni mimi."

Ndanu alimtazama. Shati moja lililokuwa mkononi mwake liliteleza likaanguka.

"Ni mimi. Niko na ugonjwa yake. Siku mingi. Nilijua paka anaumia kutoka mwanzo, na sikusema, kwa sababu ungeniuliza nimejuaje. Ni ile ya Nzuki."

Ndanu aliketi kwenye ngazi ya mlango. Yale maji aliyoyapiga deki, majina aliyoyataja, mume aliyepita korido kimya, suruali ambazo Muteti alikuwa ameanza kujifulia mwenyewe akisema zina grisi: vyote vilimjia kwa pamoja. Alikuwa amelala kando ya mtu huyu kila usiku, akisikia akiinuka na kurudi, akidhani ni mawazo ya kazi. Aliona hasira, aliona huruma, hakujua aanze na ipi.

Muteti aliweka gunia chini, akalifungua mdomo. "Hapa kwako mwenye kukojoa vibaya anatiwa kwa gunia," alisema, akijaribu kutabasamu. "Basi, nitaingia ama unanisaidia kuingia?"

Ndanu alicheka. Kicheko kilimtoka kabla hajakiruhusu, na kabla hakijafika mwisho kilikuwa kimegeuka kilio. Alijifuta kwa kanga, akainuka, akamtoa Chifu kwenye gunia, akalikunja gunia lile akalitupa kwenye pipa la taka. Kisha akaingia jikoni. Muteti alimsikia akiinua mtungi wa maji matamu, yale ambayo paka hakuwahi kuonjeshwa katika nyumba ile. Alirudi na bakuli mkono mmoja na kikombe mkono wa pili. Bakuli aliliweka sakafuni. Kikombe akampa mumewe.

"Nzuki alinyamaza mpaka ikawa haisaidii," alisema. "Si hospitali ilimuua. Ni kunyamaza. Kunywa."

"Nikinywa itanisumbua usiku."

"Ikusumbue, uniamshe, tusumbuke wawili. Kesho asubuhi tunaenda Kajiado, mimi na wewe. Na wewe sikuachi huko. Tutarudi sote tukitembea."

Muteti alikuwa hajamaliza kikombe kizima cha maji tangu mazishi ya kaka yake. Alikishika kwa mikono miwili. Miguuni pake Chifu alinusa lile bakuli, akaonja, akaonja tena, kisha akainama akanywa. Muteti naye akanywa, mpaka chini.